Maji ya Ihefu na Taa za Dar es Salaam

Kwa karibu miaka 20 Watanzania walipewa maelezo yale yale kila mgawo wa umeme ulipoanza: maji ya Mtera yamemalizwa Usangu. Mkulima wa mpunga kayachepusha, mfugaji kaingiza ng'ombe kwenye ardhi oevu, ndiyo maana feni hazizunguki Kinondoni na mashine za kusaga zimelala Morogoro. Maelezo hayo yalisemwa bungeni, yakaandikwa magazetini, yakaingia katika mikakati ya serikali, na mwishowe yakawahamisha watu. Nusu yake ni kweli. Nusu ya pili haikusimama ilipopimwa, na kwa sababu hiyo inafaa kurudi nyuma kuitazama historia ya Mto Ruaha Mkuu tangu chanzo.

Vijito vinavyouzaa mto huu hushuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere, katika mikoa ya Mbeya na Njombe, vikamwagika kwenye uwanda wa Usangu. Huko maji hutawanyika na kutulia katika ardhi oevu ya Ihefu. Upande wa kaskazini-mashariki wa Ihefu kuna kizingiti cha mwamba, mahali paitwapo Ng'iriama. Maji yakipanda juu ya mwamba, mto unaendelea. Yakishuka chini yake, mto umekatika, hata kama Ihefu yenyewe bado imejaa matete na kambale. Baada ya Ng'iriama mto hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hufika Mtera unapokutana na Kisigo na Ruaha Mdogo, huporomoka hadi Kidatu, hunywesha miwa ya Kilombero, kisha huingia Rufiji kuelekea Bahari ya Hindi. Maji yale yale, basi, hulima mpunga, hunywesha tembo, huzungusha mitambo mara mbili na kukuza miwa kabla hayajafika pwani.

Kabla ya 1955: mfereji wa kwanza

Wasangu waliishi na ng'ombe wao katika uwanda huu chini ya watemi wa ukoo wa Merere, na katika karne ya 19 walipambana na Wahehe kwa vita virefu vilivyowahi kuwatoa kabisa kwenye ardhi yao. Mpunga wa kumwagilia haukuwa kazi yao ya asili. Mifereji ya mwanzo ya mpunga inahusishwa zaidi na Wabaluchi, watu waliofika bara kwa njia za biashara ya pwani na kuweka makazi karibu na Rujewa. Kufikia miaka ya 1940 walikuwa wakichepusha vijito kwa mabanio ya miti, majani na mawe, na majirani wakaiga.

Banio la namna hiyo lilikuwa dhaifu. Lilivuja mchana na usiku, na mafuriko ya masika yalilizoa kila mwaka. Mkulima alilalamika, kwa haki kabisa, maana kila msimu ilibidi watu wakusanyike walijenge upya. Lakini udhaifu huo ulikuwa na faida ambayo hakuna aliyeiandika popote wakati ule: maji yaliyovuja yaliendelea kushuka mtoni, na aliye chini akapata chake.

1955–1980: mto unaingia kwenye hesabu

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa walipima bonde zima la Rufiji, na ripoti yao ikatoka mwaka 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika. Waliona ardhi kubwa ya kumwagilia, Usangu ikiwa mojawapo ya sehemu zenye matumaini makubwa. Waliona pia nguvu za maji. Nchi changa ikarithi karatasi zilizosema kwamba mto huu unaweza kulisha watu na unaweza kuwasha taa, na serikali ikaamua kufanya yote mawili. Uamuzi wenyewe haukuwa na kosa. Tatizo ni kwamba kila nusu ilikabidhiwa ofisi yake, na kila ofisi ikahesabu mto wote kama wake.

Wakati huo umeme wa taifa ulikuwa mdogo. Bwawa la Hale kwenye Mto Pangani, lililoanza mwaka 1964, lilitoa megawati 21. Nyumba ya Mungu ikaongeza 8. Sehemu nyingine zilitegemea dizeli. Kisha bei ya mafuta ikapanda duniani mwaka 1973, na taifa lililoagiza kila tone kutoka nje likaumia. Kidatu, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na msaada wa Sweden, ilianza kuzalisha mwaka 1975, kana kwamba ilipangiwa saa yake. Maji yalipitishwa katika handaki chini ya mlima hadi kwenye mitambo iliyofichwa ndani ya mwamba, chini kwa takriban mita 175. Mitambo miwili ya kwanza ilifuatwa na miwili mingine mwaka 1980, jumla megawati 204.

Bwawa la Kidatu lenyewe ni dogo. Haliwezi kutunza maji ya masika hadi Oktoba. Kwa hiyo juu yake likajengwa Mtera, kwenye mpaka wa Dodoma na Iringa, likakamilika mwaka 1980. Mtera ilijengwa iwe ghala: ijae masika, itoe kiangazi, ili Kidatu isisimame. Mwaka 1988 ghala nalo likawekewa mitambo ya megawati 80, na kuanzia hapo kila mita ya ujazo iliyotoka Mtera ilizalisha umeme hapo hapo na tena Kidatu. Zaidi ya robo tatu ya umeme wa maji katika gridi ya taifa ikawa inategemea mto mmoja. Kando ya bwawa hilo, ambalo hakuna aliyelichimba kwa ajili ya samaki, vikaota vijiji vya wavuvi wa perege, na malori ya samaki wa Mtera yakazoeleka katika masoko ya Dodoma na Iringa.

1970–1993: mpunga, barabara na zege

Huku juu, Usangu nayo ilikuwa inabadilika, na kwa kasi. Barabara kuu ya kwenda Zambia iliwekwa lami, na reli ya TAZARA ikakamilika mwaka 1975. Gunia la mchele lililokuwa likizungushwa Rujewa na Chimala sasa liliweza kufika Dar es Salaam. Serikali ikajenga shamba la Mbarali kwa msaada wa China, zaidi ya hekta 3,000, chini ya shirika la kilimo na chakula la taifa, NAFCO. Baadaye likafuata Kapunga, lenye ukubwa unaokaribiana nalo, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Madibira, safari hii kwa wakulima wadogo, ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1990.

Mashamba ya serikali ndiyo yaliyopigwa picha, lakini wakulima wadogo ndio waliobadilisha bonde. Biashara ya nafaka ilipolegezwa katika miaka ya 1980, watu walihamia kutoka Mbeya, Iringa na mbali zaidi, wakafungua majaruba kando ya kila mfereji. Kufikia wakati huo wafugaji Wasukuma, Wabarabaig na wengine walikuwa wamekwisha kuanza kuingia na ng'ombe wao, wakifuata malisho ya kiangazi ya Ihefu. Mchele wa Mbarali ukapata jina lake mjini.

Kisha yakaja maendeleo ya zege. Miradi ya wafadhili na ya serikali iliingia Usangu kuanzia miaka ya 1980 na kuboresha mabanio ya wakulima: mahali pa miti na mawe pakajengwa kuta imara zenye milango ya chuma. Kwa mkulima wa karibu na banio ilikuwa neema tupu. Hakuna tena kujenga upya kila mwaka, hakuna kuvuja. Lakini banio lisilovuja linaweza kuchukua mto wote wakati wa kiangazi, na ndivyo ilivyotokea. Vibali vya maji vilivyotolewa kwa sheria ya mwaka 1974 viliandikwa kwa lita kwa sekunde, kiwango kimoja, huku mto wenyewe ukipanda masika na kukaribia kukauka Oktoba. Mwenye kibali alikuwa na haki ya maji ambayo miezi mingine hayakuwepo. Kwa maoni yangu hapa ndipo mto ulipokatika, mezani kwa wahandisi wenye nia njema, kabla ng'ombe hajakanyaga chochote.

Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikauka ndani ya hifadhi, na tangu hapo ukawa unakauka kila kiangazi, wiki kadhaa mwanzoni, miezi baadaye. Viboko walibanana kwenye madimbwi. Mwaka huo huo, kwa sadfa, ndipo ilipoanzishwa Ofisi ya Bonde la Rufiji mjini Iringa, kusimamia mto ambao tayari ulikuwa umegawanywa kupita maji yaliyomo.

1992–2005: mgawo, na anayelaumiwa

Mgawo mkubwa wa umeme ulianza mwaka 1992 na kurudi 1994. Waliokuwa wakisikiliza redio miaka ile wanakumbuka kina cha Mtera kilivyotangazwa karibu kama matokeo ya mpira: mita 690 juu ya usawa wa bahari ndicho kiwango cha chini, 698.5 ndicho cha juu, na taifa zima likajua maana ya kila sentimita. Ukame ulizaa mikataba ya dharura ya umeme wa mafuta, na mmojawapo, wa kampuni ya IPTL uliotiwa saini mwaka 1995, uliendelea kuwasumbua walipa kodi na mahakama kwa miongo miwili.

Mto ulikauka mwaka 1993. Taa zilizimika 1992 na 1994. Kuunganisha mambo hayo mawili lilikuwa jambo rahisi mno, na karibu kila mtu aliunganisha. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza mjini London kwamba Tanzania itahakikisha Ruaha Mkuu unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010.

Watafiti walipoingia Usangu kupima, mambo yakageuka. Kwanza ulikuja mradi uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 1998, kisha utafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Chuo Kikuu cha East Anglia na Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji, ambapo jina la Bruce Lankford lilijulikana sana. Hoja yao inaeleweka bila hesabu ndefu. Mtera hujazwa na maji ya masika, mto unapofurika. Kinachochukuliwa na majaruba ya Usangu kiangazi ni kiasi kidogo sana kikilinganishwa na ujazo wa bwawa. Maji hayo yote yakiachwa yashuke, mengi yangepotea kwa mvuke Ihefu na njiani. Kukauka kwa mto kiangazi kuliwaumiza kweli wanyama wa hifadhini na watu wa kando ya mto. Taa, hata hivyo, zilizimika kwa sababu nyingine pia: ghala lilitolewa maji haraka kuliko kanuni zake zilivyoruhusu, kwa kubahatisha kwamba mvua ya mwaka unaofuata itafidia, na nchi haikuwa na umeme mwingine wa kuegemea.

Watafiti hao walibuni pia mchezo, nadhani ndio ubunifu mzuri kuliko ripoti zao zote. Ubao mrefu uliwekwa mshazari, goroli zikamiminwa juu kama maji ya mto, na wakulima wakaweka vijiti vya mabanio kuzinasa. Wa juu walijaza majaruba yao. Wa chini walibaki mikono mitupu. Kisha wakaambiwa wabadilishane nafasi. Katika vikao hivyo wakulima wenyewe walianza kuzungumza habari ya zamu, ya kuchelewesha vitalu vya miche vya Novemba, ya kufunga milango ya mabanio baada ya mavuno badala ya kuacha maji yazagae mashambani. Hakuna aliyehitaji kufukuzwa ili hayo yafanyike.

2006–2008: Ihefu inafungwa

Mvua zilikosa mwishoni mwa 2005. Kina cha Mtera kilishuka chini ya mita 690, na mwaka 2006 miji ikakaa gizani kwa saa nyingi kila siku. Serikali mpya ya Jakaya Kikwete ilishika njia mbili kwa pamoja. Moja ilikuwa kununua umeme wa dharura, uliozaa kashfa ya kampuni ya Richmond, kamati teule ya Bunge, na kujiuzulu kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa Februari 2008. Nyingine ilikuwa mkakati wa kuokoa vyanzo vya maji, uliotolewa na Ofisi ya Makamu wa Rais mwaka 2006, na ndani yake amri ya kuondoa mifugo Usangu.

Njia ya kwanza imeandikwa sana kwa sababu ilimwangusha waziri mkuu. Ya pili iliangukia watu wasiokuwa na kamati ya Bunge. Kati ya 2006 na 2007 wafugaji waliamriwa kuondoka. Makundi makubwa ya ng'ombe yalipakiwa au kuswagwa kuelekea Lindi na kwingineko kusini, wengine wakafa njiani, wengine wakauzwa kwa bei ya kutupa ili kulipa faini. Mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, ikawa kubwa kuliko hifadhi zote za taifa nchini wakati huo, zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Vijiji kadhaa vya Mbarali vikajikuta ndani ya mipaka iliyobishaniwa kwa miaka mingi.

Je, mto ulirudi? Mwaka 2010 ulipita na ahadi ya London ikapita nao. Ruaha Mkuu uliendelea kukauka. Mwaka 2011 mgawo ukarudi tena, ng'ombe wakiwa wamekwisha kuondoka. Mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, aliunda kikosi kazi cha kuuokoa mto. Mwaka huo huo Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa utalii wa kusini, ambao sehemu yake ilikuwa kuboresha umwagiliaji juu ya hifadhi ili maji yashuke. Fedha hizo zilisitishwa Aprili 2024 na mradi ukafungwa Novemba mwaka huo, baada ya malalamiko ya ukatili dhidi ya wanavijiji na mifugo yao pembezoni mwa Ruaha.

1907–2025: korongo la Rufiji

Taa za Dar es Salaam hatimaye ziliachana na Mtera kwa njia mbili. Ya kwanza ni gesi, ya Songo Songo kuanzia 2004, kisha ya Mtwara kwa bomba lililokamilika mwaka 2015. Ya pili ilikuwa ndoto ya zamani. Chini kabisa ya mto, ambapo Rufiji hubanwa katika korongo lililopewa jina la mhandisi Stiegler, aliyeuawa na tembo mwaka 1907, wataalamu waliona tangu zamani mahali pa bwawa kubwa kuliko yote. Mwalimu Nyerere alilitaka katika miaka ya 1970. Mamlaka ya kuliendeleza bonde, RUBADA, iliundwa mwaka 1975, na Norway ikagharamia uchunguzi mwingi. Fedha za kujenga hazikupatikana.

Wakulima wa Rufiji walikuwa na habari yao kuhusu mto huo, na serikali haikuisikiliza mara ya kwanza. Waliishi kwa mlau, kilimo cha kufuata maji: mto unafurika, unaacha tope lenye rutuba, unapungua, nao wanapanda mahindi kwenye unyevu. Baada ya mafuriko ya 1968 walihamishiwa juu kwa Operesheni Rufiji, wakaendelea kushuka bondeni kulima kwa sababu huko ndiko chakula kilikokuwa.

Mwaka 2017 Rais John Magufuli alifufua ndoto hiyo, bwawa ambalo leo linaitwa la Nyerere. Mkataba na kampuni za Misri ulitiwa saini Desemba 2018 kwa takriban shilingi trilioni 6.5, jiwe la msingi likawekwa Julai 2019, sehemu ya Pori la Selous ikageuzwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022. Mtambo wa kwanza wa megawati 235 ulianza mapema 2024, na yote tisa, megawati 2,115, ikakamilika mwaka 2025. Mtera na Kidatu kwa pamoja ni 284. Machi 2024 kulikuwa na jambo ambalo mtu wa 1994 asingeliamini: shirika la umeme la TANESCO lilizima vituo kadhaa vya maji kwa sababu umeme umezidi.

Mwezi uliofuata Rufiji na Kibiti zilizama. Mvua zilikuwa kubwa mno, na bwawa lililojaa lilibidi lifunguliwe. Serikali ilisema bila bwawa mafuriko yangekuwa mabaya zaidi. Waliopoteza nyumba na mashamba walitazama maji yaliyotoka kwenye milango. Miaka mingine hoja itageuka. Bwawa hubakiza tope, na bwawa linalozalisha umeme mwaka mzima hutoa maji kwa kipimo, wakati mlau unataka tope na mafuriko ya wastani kwa wakati wake, na mikoko na kamba wa delta vivyo hivyo.

Baada ya Mtera

Ruaha Mkuu huchangia takriban asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji. Luwegu huleta karibu 18. Kilombero peke yake huleta asilimia 62, kutoka bonde jingine la mpunga na miwa, lenye ardhi oevu iliyotambuliwa kimataifa tangu 2002. Kwa hiyo umeme wa nchi umehamia kwenye mto mwingine, na maneno yamehama nao. Mwaka 2012 ilifanyika operesheni ya kuondoa mifugo Kilombero, na tangu hapo sehemu ya ardhi oevu hiyo imepandishwa hadhi kuwa pori la akiba, sababu mojawapo iliyotajwa ikiwa ni kulinda maji ya Bwawa la Nyerere. Miongoni mwa wafugaji walioamriwa kutoka Kilombero walikuwamo waliofika hapo na ng'ombe wao baada ya kuondolewa Ihefu mwaka 2006.